Vinara Vinne vya Lakiri

Juzi mama mmoja mzee aliingia katika duka langu la dawa hapa Kerugoya, akaketi kwenye benchi, akafungua kiganja na kunionyesha vidonge nilivyompa wiki iliyotangulia. Nilidhani vimemdhuru. Kumbe alitaka tu kuuliza swali.

"Daktari," akaniambia, maana hapa kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa huitwa daktari, "hii kitu imepakwa nini ikang'aa hivi? Ni mafuta?"

Nikamwambia si mafuta, ni lakiri. Wadudu wadogo sana wa huko India huitoa mwilini na kuiacha juu ya matawi ya miti. Watu huikwangua, wakaisafisha na kuiyeyusha, na kiwandani vidonge huvishwa nayo koti jembamba ili visiyeyuke kabla ya kufika panapotakiwa.

"Ati wadudu?" Akavirudisha haraka kwenye bahasha. "Heri ningenyamaza."

Tulicheka sana, yeye na mimi. Alipoondoka nilibaki nimeegemea kaunta kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti ya zamani. Huenda wewe pia, rafiki yangu, umeila lakiri mara nyingi bila kujua, maana ndiyo inayozing'arisha peremende za watoto. Mafundi wa fanicha huiyeyusha kwa spiriti wakaiita polishi, na wengi siku hizi wameiacha, wanapuliza vanishi za viwandani kwa mashine. Mimi nililelewa nayo. Nilizijua rangi zake kabla ya kujua kuandika jina langu, na kwa muda wa karibu miaka miwili nilizijua kwa niaba ya watu wawili.

Ilikuwa miaka ya tisini, Nyeri. Nyumba yetu ilikuwa pembeni mwa mji, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea mto Chania, na karakana ya baba ilikuwa chumba cha mbele chenye mlango mpana unaotazama barabara. Ndani kulikuwa na mashine moja kubwa ya kukereza mbao. Baba aliachiwa mashine hiyo na fundi wa Kihindi aliyemfundisha kazi, mzee ambaye watoto wake walimwita ng'ambo akaishi nao, akaondoka na masanduku mawili ya nguo tu. Mashine, patasi zote na ule ujuzi wa rangi aliviacha Nyeri, mikononi mwa kijana wa Kikuyu aliyeanza kwake kama mfagiaji.

Ujuzi wenyewe ulikuwa hivi. Mafundi wengine hupaka rangi kwa brashi wakasubiri ikauke. Baba hakuwa na brashi hata moja. Aliyeyusha lakiri kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, akatia unga wa rangi, akaivuta na kuikanda kama unga wa chapati ingali moto, kisha akaiviringisha juu ya jiwe bapa mpaka ikawa vijiti vigumu, vinene kama kidole gumba. Mti wa jakaranda ulipokuwa ukizunguka kwenye mashine, umelainishwa kwa msasa, aligandamiza kijiti juu yake. Msuguano ulileta joto, joto likayeyusha lakiri, na rangi ikatambaa juu ya mti mbele ya macho yako kama samli kwenye chapati. Halafu alichukua ganda kavu la mgomba lililopakwa mafuta ya mbarika, akalishikilia hapo mpaka ule mti ung'ae kama kioo.

Lakini utamu ulikuwa bado. Aliweka rangi moja chini, tuseme nyekundu, akaifunika yote kwa nyeusi. Kisha akatwaa patasi ndogo yenye ncha kali na kuanza kukwangua taratibu, na kila ilipopita ncha ile, nyeusi iliondoka na nyekundu ikachungulia. Maua, majani, ndege, misalaba. Watu walimletea miguu ya viti vya wazee, fimbo, vitanda vya watoto wachanga, miiko ya kumtunza bibi harusi. Wenye maduka ya kuuzia watalii kule Nanyuki walichukua bakuli na vikombe vya kalamu.

Mama hakuwa mtu wa karakana. Aliuza nguo za mitumba sokoni, na alirudi jioni akiwa na sauti iliyokwaruzika kwa kuita wateja. Kaka yangu alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo saa za alasiri, tangu nitokapo shule mpaka mama arudi, zilikuwa zangu na baba. Nilipasha moto githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, tukala kwenye mabakuli mawili tukiwa tumekaa juu ya gogo la jakaranda, kila mmoja akitoa chembe za mbao kwenye chakula chake. Mwezi wa saba, baridi ya Nyeri ikishika mpaka ukungu unaingia ndani ya nyumba, tulisogeza lile jiko la lakiri miguuni na kuchoma mizizi ya nduma pembeni yake. Mama alikataa kabisa kuzila nduma zile. Alisema zinanukia fanicha.

Baba aliniita Maitu, yaani mama yangu. Nimepewa jina la mama yake, na kwetu binti wa kwanza hubeba jina hilo pamoja na heshima yake. Hata akinituma maji alinituma kwa adabu.

Nilikuwa darasa la tano nilipogundua. Kila asubuhi watu wa Nyeri hutupa macho upande wa mlima kabla ya kusalimiana, na asubuhi ile Mlima Kenya ulikuwa wazi kabisa, theluji yake nyeupe, bila wingu hata dogo. Baba alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai akatazama upande huo.

"Leo mlima umejificha," akasema.

Nikamtazama nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Siku ya pili mlima ulitoka tena, naye akasema vilevile. Siku ya tatu nikamuuliza mimi, "Baba, unauona mlima?" Akamwaga mashapo ya chai nje.

"Ni ukungu kidogo kwa macho," akasema. "Itaisha."

Haikuisha. Ilizidi. Kwanza akaanza kuniuliza rangi za vijiti kwa njia ya mchezo, kama anayenipima: "Maitu, hii ni gani? Na hii?" Mimi nikajibu kwa haraka, nikafurahi. Baadaye nikaona kwamba hakuna mchezo. Alikuwa ananyoosha mkono tu, nami naweka kijiti kwenye kiganja, yeye anagandamiza. Kukwangua hakukumpa shida, kwa sababu vidole vyake vilijua njia. Angeweza kuchora jani la muhogo akiwa amefumba macho, na kwa kweli ndivyo alivyokuwa akifanya, ila sisi wawili tu ndio tuliojua.

Siku moja akazima mashine, akanishika mabega.

"Haya mambo ya macho tusimwambie mama yako. Wala mtu mwingine. Umenisikia?"

"Kwa nini?"

"Fundi wa rangi asiyeona rangi, nani atamletea kazi? Na huyo mama yako atanipeleka hospitali. Kaka yangu mkubwa alienda kukatwa jicho, akarudi akiwa haoni hata mwanga. Mimi niko na mwanga bado. Niapie."

Nikaapa. Nilikuwa ndiyo naanza mafundisho ya komunyo ya kwanza, na katekista wetu alikuwa ametuambia kwamba kiapo si kitu cha kuchezea. Nikaapa kwa jina la Mungu, nikajiona mkubwa sana.

Mwaka mzima nilibeba kiapo kile vizuri. Nilijua kumwelekeza mteja upande wenye mwanga ili baba amtambue kwa umbo. Nilijua kusema kwa sauti, "Shikamoo mwalimu," ili baba ajue ni mwalimu aliyeingia. Mama alipouliza kwa nini siku hizi sichezi na wenzangu, baba akajibu kwamba napenda kazi, na mama akanipapasa kichwa kwa fahari. Ile fahari ilinichoma.

Halafu ikaja alasiri ya koti. Kulikuwa na baridi, baba amevaa koti lake zito la sufu, ameinama karibu mno na mashine kwa kutafuta kuona. Nilisikia mlio wa kitambaa kinachopasuka. Mashine ilikuwa imemshika mkono wa koti na inamvuta. Sikumbuki nilivyofika kwenye swichi. Ninachokumbuka ni kimya baada ya mashine kuzima, na baba amepiga magoti, mkono umeviringwa hadi kwenye kiwiko na uso wake uko karibu sana na chuma, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilikuwa inatia unyevu kwenye chuma kile. Hakuvunjika. Alichunika ngozi ya kiganja na kidole gumba kikakatwa.

"Ni patasi iliteleza," alimwambia mama jioni.

Mama akamfunga kidole kwa kitambaa safi, akimsuta kwa uzembe wake. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nakula ugali. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilijua kitu ambacho mtu mzima mmoja tu katika nyumba ile alihitaji kukijua, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa kwa jina la Mungu.

Wiki mbili baadaye alikuja padri wa parokia yetu, padri kijana aliyekuwa na mazoea ya kucheka kabla ya kumaliza kusema. Kanisa jipya lilikuwa karibu kufunguliwa. Wakulima wa kahawa walikuwa wamejenga sehemu kubwa ya kanisa hilo kwa mikono yao, na padri alitaka vinara vinne virefu vya mishumaa kuzunguka altare, vyeusi, vyenye matawi ya kahawa.

"Na kahawa iwe imeiva, mzee," akasema. "Nyekundu kabisa. Watu waone jasho lao."

Baba akakubali. Nadhani ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la yule Mhindi. Alikereza mbao siku kadhaa, akipima kwa vidole, akanipa mimi msasa wa mwisho. Halafu ikafika siku ya kutia rangi.

Sikupanga mapema. Ninataka uniamini hapo. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo, kopo la vijiti liko magotini, mashine inanguruma. Baba akanyoosha mkono akasema, "Nyekundu." Kidole gumba kilikuwa bado na kovu jipya, jekundu kuliko lakiri yoyote. Nikakitazama kile kidole. Wazo likanijia likiwa limekamilika: nilikuwa nimeapa kwa mdomo, sikuapa kwa mikono.

Nikachukua kijiti cha kijani nikakiweka kiganjani mwake.

"Hii hapa," nikasema.

Akakigandamiza. Kijani kikatambaa juu ya mti. Baba akaendelea, akamaliza kinara chote, akaomba nyeusi, nami nikampa nyeusi, na kijani kikafunikwa. Kwa nje ungesema ni kinara kama alivyoagiza padri.

Siku ya pili nilikuwa na nafasi ya kujirekebisha. Ningempa nyekundu kwa vile vitatu vilivyobaki, nikasema kile kimoja nilikosea. Nilitembea kutoka shule nikijiambia hivyo njia nzima. Lakini nilipofika, nilimkuta baba akipapasa meza kutafuta patasi iliyokuwa mbele yake kabisa. Nikampa kijani. Siku ya tatu nikampa kijani. Siku ya nne alikuwa amenisubiri na mandazi mawili ya moto aliyonunua kwa jirani yetu, mama muuza chai, akaniambia, "Maitu, tukimaliza hii kazi nitakununulia viatu vya komunyo." Nusura nipige kelele. Nikala andazi moja, la pili likanishinda. Akanyoosha mkono. Nikampa kijani.

Baada ya hapo akakaa na patasi yake kuchora. Siku tatu alikwangua matawi, majani na zile punje za kahawa, mojamoja, duara safi, mbilimbili kama zinavyokaa kwenye mti. Nilikaa karibu yake nikitazama kijani kinachungulia kutoka kwenye weusi. Kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Sijawahi kumwona akichora kitu kizuri kuliko kile, na nilikuwa nimekiharibu.

Padri alikuja Jumamosi mchana akiwa na yule katekista wangu, kwa pikapu ya parokia. Mama alikuwa nyumbani kwa sababu mvua ilikuwa imevunja soko mapema. Baba alivaa shati safi. Vinara vilikuwa vimefunikwa kwa magunia, naye akayaondoa moja moja, taratibu, kama mtu anayemfunulia bibi harusi uso.

Kisha katekista akainama, akagusa punje.

"Fundi," akasema, "hii kahawa mbona ni mbichi?"

Mama akacheka, akidhani ni utani. Baba hakucheka. Alisimama na gunia la mwisho mkononi. Mimi nilikuwa nimejibana nyuma ya mlango, na nilimwona anageuza uso, polepole, kuelekea mahali nilipokuwa. Alijua nilipo. Alikaa ameniangalia hivyo, kama anaweza kuniona, halafu akageukia wageni.

"Padri," akasema, "mimi sioni."

"Huoni nini, mzee?"

"Sioni. Rangi sioni. Wewe mwenyewe nakuona kama nguo iliyoanikwa. Inaenda miaka miwili sasa."

Mama akasema, "Ati nini?" Akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Ati nini?" Akamsogelea baba, akampungia mkono mbele ya macho kama watoto wanavyofanyiana, na baba akaushika ule mkono hewani akaushusha. Kisha mama akatazama kidole gumba cha baba. Akanitazama mimi. Niliona anapiga hesabu za mwaka mzima katika dakika moja: michezo niliyoacha, salamu zangu za sauti kubwa, fahari aliyokuwa nayo.

"Na wewe ulijua," akaniambia.

Akatoka nje uani, akaanza kuosha sufuria zilizokuwa safi.

Sikupigwa. Nilitamani kupigwa. Baba hakuniuliza chochote kuhusu kijani, si siku ile wala siku zilizofuata, na mama hakujua kwamba kuna cha kuuliza. Alichukulia kwamba baba alichukua kijiti kibaya mwenyewe. Mama hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu asubuhi alinisuka nywele, akazivuta sana, kisha akaniegemeza kifuani mwake nywele zikiwa nusu, tukakaa hivyo.

Jumatatu alimpeleka baba hospitali. Alifunga kibanda chake cha mitumba, jambo ambalo sijawahi kuliona, akamshika mkono barabarani mbele ya watu wote. Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba angekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi, lakini bado inawezekana. Baba aliomba wafanye jicho moja kwanza, abaki na lingine iwapo mambo yataharibika. Usiku ule kabla ya kukatwa, mama aliniambia baadaye, baba alimtajia rangi zote za vitu vya nyumbani, moja moja, kama mtu anayeaga.

Mambo hayakuharibika. Walipomtoa bandeji nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda nikiwa na sare ya shule. Baba alipepesa macho, machozi yakamtoka kwa mwanga, akamtazama mama muda mrefu.

"Una mvi," akamwambia.

"Umenipa wewe," mama akajibu, na wagonjwa wote wa wodi ile wakacheka.

Jicho la pili lilikatwa miezi kadhaa baadaye. Kati ya hapo, Jumapili moja, baba alitaka kwenda kanisa jipya mapema kabla ya watu. Alikwenda nami. Vinara vilikuwa vimesimama kuzunguka altare, kahawa yake ikiwa mbichi vilevile. Baba alikuwa amejitolea kuvitengeneza upya na padri alikuwa amekataa. Alitukuta pale, akaja akikausha mikono.

"Mzee, nimekwambia viache," akasema. "Kijani ni rangi ya Jumapili za kawaida. Hizo ndizo nyingi kuliko zote katika mwaka."

Baba akavizunguka kimoja kimoja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuviona. Alipitisha kidole kwenye punje, akaguna pale alipoona mstari uliopinda kidogo, akasimama mbali, akarudi karibu. Mimi nilikuwa nimekaza macho sakafuni. Hatimaye akasema neno moja, "Sawa," tukaenda kukaa kwenye benchi letu.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nimeomba baba aone, na aliona. Alipovaa miwani yake mizito na kuwasha mashine tena, nilitoka shule mbio kama kawaida, nikaketi kwenye gogo, nikaliweka kopo magotini. Akanyoosha mkono mwenyewe, akachukua njano. Akaitazama, akatabasamu, akaigandamiza. Baadaye akageuka akaniona bado nimekaa.

"Maitu, si uende ucheze? Wenzako wako hapo nje."

Nilikwenda. Wenzangu walikuwa wanaruka kamba kando ya barabara, wakanipokea bila maswali. Niliruka vibaya kwa muda, nikasahau hesabu, halafu miguu ikazoea. Kutoka pale nilisikia mashine inanguruma vizuri tu bila mimi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka na nikalia nacho jioni nikiwa naosha miguu, nikamwambia mama ni sabuni.

Miaka ikapita kama inavyopita. Watu wa Nyeri wakaanza kutaka makochi makubwa ya mbao zilizopulizwa vanishi, yaliyoletwa kwa lori. Duka la Nairobi lililoagiza lakiri ghafi likafungwa. Baba alikereza miguu ya vitanda isiyo na maua, akaacha, akahamia shambani kwa nduma na ng'ombe wawili. Mimi nikaenda kusomea dawa.

Tulikuja kuzungumza siku moja tu. Nilikuwa nimeolewa tayari, nimekuja kumtembelea, tunapukuchua mahindi uani. Nikamwambia bila kupanga, kama nilivyofanya lile jambo lenyewe bila kupanga: "Baba, vile vinara. Sikukosea rangi. Nilikupa kijani makusudi."

Akaendelea kupukuchua gunzi lake mpaka likaisha.

"Najua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza. Kijani ilikuwa ngumu kuyeyuka. Ule unga wake ulikuwa mbaya, ulinichelewesha kila wakati. Nyekundu ukiigusa inatembea. Nilipoweka mkono tu nikajua, huyu mtoto amenipa kijani."

Kuku walikuwa wanadonoa mahindi miguuni mwetu na hakuna aliyewafukuza.

"Sasa mbona uliendelea? Vyote vinne?"

Alichukua gunzi lingine, akaliangalia kwa ile miwani yake.

"Nilikuwa nimechoka, Maitu. Nilikuwa naogopa ile mashine kuliko ulivyoiogopa wewe. Lakini nilikuwa nimekuapisha mtoto, nikajiapisha na mimi hapohapo, na sikujua mtu hutokaje. Ulipoleta kijani nikasema, huyu amepata mlango. Siku ya pili nikangoja nione kama utarudi nyuma. Ungerudi nyuma, sijui ningefanya nini."

Amelala sasa kule shambani, karibu na mama yake ambaye nimepewa jina lake. Mashine iliuzwa kwa mtu wa vyuma chakavu. Chumba chetu cha mbele kimekodishwa kwa wasichana wawili wanaopaka watu rangi za kucha, wachangamfu, redio yao inasikika mpaka barabarani. Sina ugomvi nao. Mimi mwenyewe sikuwahi kujifunza kukwangua hata jani moja, na katika nchi hii yote simjui mtu anayeweza kuiamsha rangi kwa kuigandamiza kwenye mti unaozunguka.

Hilo la ufundi ninalijutia kama wengine wanavyojutia. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni zile alasiri nne. Tulikaa bega kwa bega, mashine ikinguruma, jiko likiwa miguuni, sote wawili tukiwa na siri ileile, mimi nikidhani ni yangu peke yangu. Mimi nilidhani ninamsaliti. Yeye alikuwa ananyoosha mkono na kuomba, kimoyomoyo, nisichoke.